Nilitoka Celica ya kawaida nikapanda ya turbo, mjomba akaizimia milimani

Wakuu, niaje. Hii kitu imenikaa kifuani miaka mingi, leo acha niiteme. Ni mambo ya miaka ya tisini, nikiwa kijana Donholm. Sitaongeza chumvi. Haihitaji.

Form four nilimaliza na alama za kuficha. Nikaingia kwa biashara ya baba ya vinyago: yeye anachonga, mimi napeleka kwa maduka ya watalii tao. Ikashika vizuri.

Na kijana wa Eastlands akishika pesa ananunua nini? Dinga.

Gari yangu ya kwanza ilikuwa Celica ya kawaida, isiyo na turbo. Nyekundu, na taa za mbele zilikuwa zinainuka ukiziwasha. Watoto wa mtaa walikuwa wananiomba niwashe taa mchana, wacheke tu. Nilikuwa nawawashia.

Shida yake moja. Ilikuwa na sura ya mbio, mbio yenyewe hakuna. Siku moja nikienda Thika, pickup ya miraa ilinipita mlimani, dereva akanipungia mkono kama mtu anayeaga mgonjwa. Sikulala vizuri.

Hapo nikaanza kuota ndugu yake, GT-Four. Jina ni Celica vile vile, lakini ndani kuna turbo, na nguvu inaenda kwa magurudumu yote manne. Nikauza ya kwanza, nikamwaga akiba yangu yote, nikangoja yangu itoke Japan.

Siku ya kwanza kwa Outer Ring Road nilikanyaga, kitu ikapiga mluzi, ikanibandika kwa kiti. Nilicheka peke yangu mpaka machozi.

Kwa wale hawajui, turbo huzunguka kwa kasi ya ajabu na inapata moto sana. Kinachoilinda ni oil. Ukitoka kuikimbiza, usizime engine hapo hapo. Iache ingurume kidogo, oil izunguke, ipoe. Ukiizima ikiwa moto, oil inaungua humo ndani, na ukirudia rudia hivyo, turbo inakufa.

Sasa ndio anaingia Mjomba Kyalo. Ndugu ya mama, dereva wa lori tangu sijazaliwa. Kijana wake, Musyoka, alikuwa anaoa, na walikuwa wanapeleka ntheo Mbooni. Kwetu Wakamba hao ndio mbuzi wa kwanza kwa wazazi wa msichana. Bila wao huna bibi.

Mbuzi wangepanda pickup. Mjomba alitaka kufika na gari yangu.

Nilikataa. Kwa heshima, pale sebuleni, lakini nilikataa. Nikasema basi nitawapeleka mwenyewe. Akasema viti ni vya wazee.

Mama akaniita jikoni. Hakupiga kelele.

"Huyo ndiye alinibeba mgongoni nikiwa mgonjwa," akasema. "Sasa wewe umnyime chuma?"

Moyo wangu ni mlaini, wakuu. Nilitoa funguo.

Lakini nilimweleza Mjomba mambo ya turbo yote, polepole, mbele ya watu. Akanipiga piga begani. "Kijana, mimi nimeshika usukani kabla baba yako ajue mama yako anaitwa nani." Watu wakacheka. Hata mimi nilicheka.

Gari ilirudi Jumapili jioni na moshi wa buluu nyuma, mpaka akina mama wakakimbia kuanua nguo. Ule mluzi haukuwepo. Ilikuwa inasaga kama posho mill.

Musyoka akashuka akitabasamu, akanieleza bila kujua ananiua. Eti baba yake ni dereva wa kweli. Milima ya Mbooni walipanda mguu ukiwa sakafuni, na kila wakifika juu mzee anazima engine, anatoa gia, anaweka free, wanateremka kimya kimya. Kuokoa petroli. Ndivyo madereva wa lori wa enzi yake walivyozoea.

Alitaka kunirudishia gari na tanki ikiwa na kitu. Hiyo ndiyo ilikuwa shukrani yake kwangu.

Nikamuuliza Mjomba, mama akisikia, kama sikumwambia asizime. Akasema hiyo gari niliuziwa mbovu. Hapo nilipandisha sauti.

"Mjomba, sema pole tu. Sitaki kitu kingine."

Akavaa kofia yake. "Pole ya nini? Mbuzi si walifika?"

Familia ikaitisha kikao. Mnajua ni nani alipatikana na makosa? Mimi. Kwa kumpandishia mzee sauti. Baba alikuwa anaangalia viatu vyake.

Na kwa vile sikutaka msichana wa watu aolewe kwa boma la ugomvi, nilisimama nikaomba msamaha. Mimi, mwenye gari. Na Mjomba akanisamehe, wakuu. Alinisamehe, watu wakapiga makofi.

Turbo nyingine sikuweza kununua, akiba ilikuwa imeisha. Gari iliuzwa vipande vipande, nikiangalia milango yake ikibebwa kwa mkokoteni.

Musyoka na bibi yake wako sawa, na watoto wao nawapenda. Hiyo haijanitoa hasira. Mpaka leo nikisikia turbo ikipita nasaga meno.

Baadaye nilinunua pickup ya kazi. Mjomba akaja, akanywa chai, akaomba funguo. Nikamwambia, "Hapana, Mjomba." Nikamwongezea chai, nyingine ikamwagika kwa kitambaa cha mama. Mama akakitoa mezani, akaenda kukifua. Lakini pickup ilibaki mlangoni.

Nilichojifunza ni kwamba hapana ukishaisema sebuleni, usikubali ikavunjwe jikoni. Mtu asiyetaka kusikiliza maelezo ya gari yako hataki gari, anataka kuonekana ndani yake.

Nyinyi mngempa? Semeni ukweli, na mnitukane kama lazima, nasoma zote. Na kama wewe ndiye mjomba wa mtu, anza comment yako na pole. Hata kama si mimi uliyenikosea, nitaipokea.