Nyayo za Uani kwa Mama Aika

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa panga. Nilikuwa nimetoka chuo cha uinjilisti na Biblia mpya kwapani, nikidhani nitaanza kwa kuhubiri, kumbe mchungaji wa usharika alihitaji mtu wa kufyeka. Nilipangiwa mtaa mmoja wa Kirua Vunjo. Mtaa, kwa ninyi vijana mnaodhani kanisa ni jukwaa na spika, ni kipande cha usharika chenye nyumba yake ndogo ya ibada. Mwinjilisti ndiye anayekilea: anafundisha kipaimara, anazika, anapatanisha wanandoa, na mchungaji anapita mara mojamoja kutoa Chakula cha Bwana.

Tulikwenda kwa Mama Aika, mjane ambaye mumewe alizikwa kihambani, yaani kwenye shamba la migomba la ukoo, nyuma ya nyumba, kama tunavyozika huku. Kaburi lilizungushiwa masale, ile mimea ya majani marefu tunayopanda makaburini na mipakani. Jani lake ukilifunga fundo na kumpelekea uliyemkosea, umeomba msamaha. Mchungaji alikuwa amehubiri kwamba masale ni upagani mtupu. Shemeji wa Mama Aika, aliyekimezea mate kile kihamba, ndiye aliyemwita.

"Mchungaji, nakuomba, yaache," mama alisema. "Niliyapanda kwa mkono wangu siku tuliyomzika."

"Mama, mimi nimewekewa mikono. Nikisema jambo katika usharika huu, limesemwa."

Nikafyeka.

Wiki ileile ukungu ulishuka kutoka mlimani, ukakaa mchana kutwa hata mgomba wa pili huuoni. Ndani yake nyayo zikaanza. Mtu alitembea polepole juu ya kokoto zilizomwagwa kuzunguka nyumba na kaburi, akasimama penye kisiki cha isale, akaendelea hadi kisiki kingine. Nilizisikia mwenyewe, nimeshika kikombe cha chai kibarazani. Kokoto zilibonyea mbele ya macho yangu na mguu sikuuona. Ng'ombe aligoma kukamuliwa. Shemeji alirekodi kwa redio ya kaseti, na tulipofungua tulisikia pumzi zetu tu. Niliogopa, sitawaficha.

Shemeji akapata la kusema. "Marehemu anamkataa," aliwaambia wazee wa kanisa. "Huyu mama arudi kwao Kahe." Kule Kahe mama hakuwa amebakiwa na ndugu hata mmoja. Wazee wakaamua kwamba mchungaji akishindwa kuzinyamazisha zile nyayo, mama atafungasha.

Mchungaji akaja na joho na stola, ule mshipi mrefu wa mabegani unaomtambulisha aliyebarikiwa kuwa mchungaji. Akainua msalaba, akakemea mpaka mishipa ya shingo ikamsimama. Nyayo hazikukatika. Zilimpitia nyuma, karibu mno, pindo la joho likatikisika, zikaenda zake kwenye kisiki kilichofuata. Akakemea tena. Nilimhurumia.

Mkuu wa Jimbo, msimamizi wa wachungaji wetu, mzee asiyependa maneno mengi, alituita ofisini kwake Moshi mjini. Alimsikiliza mchungaji mpaka mwisho.

"Unakemea kwa mamlaka ya nani?"

"Ya Kristo, Baba."

"Na masale, ulikata kwa mamlaka ya nani?"

Njia nzima ya kurudi mchungaji alitazama dirishani, na mimi nikajifanya nimesinzia.

Kesho yake alirudi kwa Mama Aika bila joho wala kola, ameshika jani la isale lenye fundo. Shemeji alikuwepo, wazee walikuwepo, majirani nao hawakukosa. Mchungaji akapiga magoti kwenye kokoto.

"Mama Aika, nimekukosea. Nilitaka kuonekana mkubwa, nikalitumia jina la Bwana kwa hilo. Nisamehe."

Mama hakunyosha mkono kulipokea lile jani. Nyayo zikaja kutoka kwenye ukungu, nikafumba macho. Zilisimama nyuma ya mchungaji. Halafu nikasikia sauti ya mama: "Inuka, Mchungaji. Nimelipokea."

Hazikusikika tena. Wazee wakasema kihamba ni cha mama, na shemeji akaondoka bila kuaga. Tangu siku ile mchungaji yule alizungumza kwa sauti ya chini na watu walimsikiliza kuliko alipokuwa akipaza. Baadaye nilihamishiwa Marangu na kwingineko, chini ya wakubwa wenye vyeo kumzidi, lakini hakuna niliyemtii kwa moyo kama yeye.

Sasa nimestaafu. Vijana wananijia kuniuliza upako unapatikana kwa semina gani, au kwa kufunga siku ngapi. Nawakaribisha chai, nawasimulia haya, na wengi wao huondoka wamenuna.

Mwezi uliopita nilikwenda kumwamkia Mama Aika. Amezeeka sana, na masale yamechipua upya, yamenipita kimo. Nikamuuliza nililoogopa kuuliza miaka yote: je, alikuwa mumewe?

"Hapana, Mwinjilisti. Mume wangu alikuwa anachechemea. Zile nyayo zilikuwa za mtu mzima wa miguu."

"Sasa alikuwa nani, mama?"

"Sijui. Lakini siku ile nilikuwa nimeshaamua kulikataa lile jani, ingawa isale halikataliwi. Nilikuwa na uchungu, we acha tu. Nimefungua kinywa nimfukuze, nikasikia kokoto zinalia nyuma ya mchungaji, pale pasipokuwa na mtu. Goti moja, halafu la pili."