Siku Nilipompima Bibi Felista Kumbukumbu

Jamani, aibu hii huwa naisimulia nikiwa nimeinamisha kichwa, na mkinicheka ni haki yenu, maana mimi ni profesa wa saikolojia, miaka ishirini na kitu napima ubongo na kusuluhisha familia, halafu nikaumbuliwa kule Matogoro na bibi aliyekuwa anapukuchua mahindi.

Wanawe waliniita nimpime Bibi Felista kumbukumbu, kwa sababu walitaka kumchukua mjukuu anayemlea, Neema, wa miaka sita, wakisema bibi amezidi kusahau. Mtoto mwenyewe kamng'ang'ania bibi yake kiunoni, haachii. Sasa mimi, kwa kujifanya mjuzi, nikaacha vipimo vyangu vya kawaida nikaomba albamu ya harusi ya binti yake (uamuzi mdogo tu, jamani!), na nikaruhusu ukoo mzima ukae sebuleni, majirani nao wakajaa dirishani.

"Bibi, huyu nani?"

"Kaka yangu, marehemu."

"Na huyu?"

"Jirani. Mbishi huyo!"

Akawataja wote bila kukwama, mpaka nikafika kwa bwana harusi, mkwe wake. Akageuza uso. Nikamsogezea picha karibu na pua, akajifunika khanga usoni. Mwanawe mmoja akakohoa, akataka kusema kitu, nikamwonyesha mkono anyamaze (kipimo hakiingiliwi!), kisha nikasimama nikatangaza kwa sauti ya darasani kwamba ubongo wa bibi umeanza kupoteza nyuso za watu wa karibu, na ni heri mtoto ahamie Mjimwema kwa mjomba wake. Neema akaangua kilio.

Bibi akashusha khanga. "Mwanangu profesa, mama mkwe wako anaitwa nani?"

Mimi ni Mngoni wa Mshangano, na kwetu, kama kwa bibi, mkwe hatajwi wala hatazamwi usoni, hata pichani; tangu nioe sijawahi kulitamka jina la yule mama, hata kwenye simu nimemwandika "Mama" tu.

"Mtaje basi, watu wasikie."

Nikainama kupanga karatasi zangu.

"Kumbe na wewe umesahau! Sasa wewe tukuhamishie wapi?"

Wee! Watu walicheka mpaka wa dirishani wakashikana mabega, na mimi nikaichana ripoti yangu mbele yao, nikamwomba bibi radhi nikiwa nimepiga magoti kwenye magunzi ya mahindi.

Nimeapa, simpimi tena mzee wa mtu mbele ya ukoo, na kabla sijaandika kwamba hajui, nauliza kwanza kama anaruhusiwa kusema. Neema yuko kwa bibi yake mpaka leo, ila mimi hajanisamehe: wageni wote anawaamkia shikamoo, akiniona mimi anakimbilia ndani na kufunga mlango.