Soli za Beki Mzee

Juzi nilipeleka viatu vyangu kwa fundi viatu wa sokoni, mtaani kwetu Ruashi. Nilimkuta ameinamia jozi ya viatu vya kuchezea mpira vilivyochakaa. Nikauliza ni vya nani. Akamtaja beki wa kulia wa timu yetu.

"Uyu hawezi kupumzika sasa?" nikasema. "Ni muzee, na hata goli moja hajafunga."

Fundi hakukasirika. Aliweka sindano chini, akageuza kiatu kimoja, akapitisha kidole polepole kutoka ncha hadi kisigino.

"Angalia, papa. Bale banachezaka mbele, soli yabo inaishaka mbele tu. Banaenda, kurudia hapana. Ya uyu inaisha mbele, inaisha na nyuma. Miaka kumi na moja namushoneaka, na hakuna mechi yenye alikosa. Siku moja malaria ilimushika, akakuja kuchukua viatu na blangeti ku mabega. Saa tisa nikamuona mu kiwanja."

Akasema hivyo kifua mbele, utadhani ndiye aliyecheza. Kisha akapaka gundi na kukibana kiatu kati ya magoti.

Zamu yangu ilipofika, nikampa vyangu vilivyofumuka mshono. Akavigeuza, akapitisha kidole kilekile.

"Soli iko mupya kabisa. Unafanyaka kazi gani, papa?"

Nikamjibu kwamba naandika gazetini, mara nyingi kuhusu mpira.

"Aa," akasema, akachukua sindano. "Kumbe unaikalaka tu ku kiti."

Safu hii nimeiandika nimesimama.