Kaburi la Babu Yake Mtangazaji

Mimi ni mzaliwa wa Kabiro, Kawangware, na mdomo wangu ndio ulioniponza. Watu wa televisheni walileta mtangazaji wao, dada aliyelelewa Ulaya, kurekodi safari ya kutafuta kaburi la babu yake, lililosemekana kuwa katika ploti moja ya mtaani kwetu. Nikawaambia, "Hiyo ploti naijua vizuri, nimecheza hapo." Wakanipa kazi ya kuwaongoza.

Mwenye ploti, Mama Njeri, alikuwa bado kanisani. Badala ya kumngoja, nikajifanya mjuaji. Katikati ya nyumba za wapangaji, chini ya kamba za nguo, niliona mfuniko mpana wa saruji. "Ni hapa," nikasema kwa sauti ya msiba.

Dada akapiga magoti, akaweka maua, akalia hadi mpiga kamera naye akapangusa macho. Mimi nikaketi kando, kwenye kijukwaa ambapo wapangaji huanika viatu, nikafungua soda.

Mama Njeri akaingia, Biblia kwapani. Alitutazama kwa upole.

"Karibuni. Lakini mbona mgeni wetu analilia shimo la choo?"

Kamera ilikuwa bado inarekodi.

"Sasa kaburi iko wapi, mama?" nikanong'ona.

"Si ni hiyo umekalia."