Asali ya M'Ikiara

Mimi sikusoma, lakini ng'ombe zangu nimewapata kwa jasho, kwa hivyo iliniuma kuona chifu akimpa M'Ikiara kiti kando yake. Kazi yake nini? Kuzunguka soko la Githongo, kutazama vitu ambavyo kila mtu anaviona, halafu kumwambia chifu njaa inaelekea wapi. Na chifu anaamua kwa maneno hayo, wakati huu wa hali ya hatari, serikali inapowasaka wapiganaji waliojificha msituni.

Nikasema nami nina macho. Juzi nikamwona M'Ikiara mwenyewe akinunua asali, kondoo mnono na miraa iliyofungwa vizuri kwa maganda ya mgomba. Nikafurahi. Barazani nikasimama.

"Chifu, mtu wako analisha watu wa msituni. Nimemwona akinunua asali, kondoo mnono na miraa iliyofungwa kwa maganda ya mgomba."

Watu wakamgeukia M'Ikiara kitini pake, maana kwa neno hilo mtu hupelekwa kizuizini.

"Mzee," chifu akaniuliza, "asali, kondoo na miraa ya kufungwa hivyo, kwetu hupelekwa wapi?"

"Kwa wakwe."

"Basi ameniomba ruhusa ya kutembea Jumamosi. Anakuja kwako, kumposea mwanawe binti yako."

M'Ikiara akasimama polepole, akafunga koti.

"Kondoo bado yuko kwangu, mzee mwenzangu," akasema. "Sasa sijui kama atatoka."