Omena Niliyoisingizia Kuoza

Mimi hununua omena, dagaa wa ziwani, kwenye ufuo wa Usenge na kuiuza Kisumu, na kipimo changu ni meno. Rangi hudanganya. Nachota chache kutoka kwenye wavu wa kuanikia, natafuna. Iliyokauka vizuri hulia mdomoni. Iliyooza hujitangaza yenyewe.

Asubuhi moja nilitafuna ya bibi mmoja mjane niliyekuwa nikinunua kwake miaka mingi. Uvundo ulinijaa mdomo. Nikatema mchangani mbele ya wanunuzi wote.

"Dani, hii imeoza!" nikasema kwa sauti. Ndivyo tunavyomwita nyanya huku kwetu.

"Mama, hii nimeanika jana na jua kali. Onja tena."

Nikaonja tena. Uvundo uleule. Nikamwambia awauzie watu wa chakula cha kuku, nikaondoka, na wanunuzi wengine wakanifuata. Nilijua uzito wa neno langu pale ufuoni, na nilijivunia.

Wiki ile kila omena ilinuka. Ya ufuo wa Dunga nayo. Hata chapati ilinuka. Ndipo nikaenda kwa daktari wa meno mjini.

Mwenye makosa alikuwa gego dogo la juu. Miaka iliyopita lilitibiwa mzizi, likazibwa kwa muda, nikaambiwa nirudi liimarishwe na kuvishwa kofia. Maumivu yalikuwa yameisha, sikurudi. Nani humfuata daktari akiwa mzima? Kumbe kizibo kilipasuka, mate na makombo ya samaki yakajipenyeza ndani na kuozea humo. Kila nikitafuna, nilikuwa nayakamua.

Daktari alipolifungua, uvundo ukatoka. Niliutambua mara moja: ndio ule wa Usenge. Msaidizi wake aligeuza uso. Nilijichukia pale kitini, mdomo wazi, siwezi hata kuomba radhi. Nilikuwa nimetembea na jaa kinywani nikitemea jasho la mwanamke mwingine. Kweli nyani haoni kundule.

Mzizi ulisafishwa mara mbili, wiki tofauti, hadi harufu ikakoma. Kisha daktari akanionyesha kijiti cheupe cha nyuzi zilizogandishwa pamoja, chembamba kuliko njiti ya kiberiti.

"Jino yako imebaki ganda tu, mama. Bila hii, mfupa ya kwanza ya samaki itavunja."

Akakishindilia ndani ya mzizi kwa gundi, akakimulika kwa taa ya buluu, akajenga jino juu yake. Baadaye likavishwa kofia. Kijiti chenyewe sikioni, lakini ndicho kinachoshikilia kila kitu.

Nikarudi Usenge. Bibi alikuwa palepale kwenye wavu wake, na wanunuzi walikuwa kwa wengine; kwake alikuwapo mtu wa chakula cha kuku peke yake, akijaza magunia. Nikachota omena yake, nikatafuna kwa jino lilelile. Ikalia. Ilikuwa tamu, na utamu ule ulinitia kinyaa juu ya nafsi yangu.

"Sikieni!" nikasema, kwa sauti ileile ya siku ile. "Haikuwa omena ya dani. Ni jino langu lilikuwa limeoza."

Bibi hakucheka.

"Fungua," akaniambia.

Nikafungua. Akasogeza pua hadi kwenye meno yangu, mbele ya wote, akanusa polepole.

"Sasa hii imekauka," akasema.

Kisha akageuka kumsaidia mtu wa chakula cha kuku kufunga magunia yake.