Kidole cha Baba Mkwe

Baba mkwe wangu alisema sijui kazi. Hakuniambia mimi, maana kwa mila ya Kinyakyusa mke wa mtoto na baba mkwe wake hawaonani uso kwa uso. Alimwambia mama mkwe, naye akaniletea maneno hayo kibandani kwangu Kyela mjini, pamoja na simu iliyofungwa kwenye kitenge.

Mimi ni fundi simu, na kwa hasira sijambo. Simu ile mume wangu alimtumia baba yake kutoka migodini, ili waongee huku wanatazamana. Ilikuwa mpya, ya kugusa. Mzee akigusa, haiitiki.

Nikaifungua. Wachache wanajua kilichomo kwenye kioo cha simu. Juu kuna utando wa oksidi, mwembamba hata jicho haliuoni, unaopitisha mwanga na umeme kwa pamoja. Ndio unaosikia kidole. Chini yake, katika simu za siku hizi, kuna swichi ndogo mno za oksidi nyingine, ya jamii ya nusu-kipitishi: ikiamriwa hupitisha umeme, ikikatazwa huuzuia. Tangu chuoni nilivipenda vitu hivi kuliko kupika, na mama mkwe analijua hilo vizuri.

Niligusa mimi, ikaitika. Nikairudisha Ikolo, kijijini kwa wakwe. Ikarudi. Nikabadilisha kioo kizima. Ikarudi tena, na ujumbe: ipelekwe kwa fundi mwanamume.

Hapo niliumia. Miaka minne ya ndoa nilijiambia ananikwepa kwa mila tu. Siku ile niliamini hanitaki. Nikafunga kibanda, nikapanda bodaboda hadi Ikolo, maneno yamenijaa mdomoni.

Mama mkwe alinizuia jikoni. "Tulia, mwanangu. Chungulia mikono tu, uso usiutazame."

Mlango ulikuwa wazi kidogo. Mzee alikuwa kitini, simu pajani, anabonyeza na kubonyeza. Ndipo nilipoviona vidole vyake kwa mara ya kwanza. Ngozi ilikuwa nene, kavu, imepasuka, ngumu kama kwato, kwa miaka ya jembe na mpunga na kakao. Ule utando unahitaji ngozi yenye unyevu kidogo. Kwa vidole vile haukusikia kitu. Kioo cha kwanza kilikuwa kizima, na cha pili pia. Niliona aibu, kisha nikamwonea huruma.

"Mama," nikanong'ona, "mwambie alowanishe kidole, agusie ubavu wa kidole, si ncha."

Akaenda kumwambia. Nikamsikia mzee akiguna. Mara simu yangu ikaita mfukoni. Ilikuwa namba yake. Mila haikusema lolote kuhusu simu, nami nikapokea, nimeupa mlango mgongo.

"Ndaga fijo, asante sana, mwanangu," alisema. "Mume wako nitampigia baadaye. Nimeanza na wewe."